Kabla hujafunga swichi ya bafuni: boksi la chuma nalo linataka ethi

Ninapofungua swichi au soketi ya bafuni iliyofungwa na mtu mwingine, jicho langu huenda kwanza kwenye boksi lililofukiwa ukutani. Mara nyingi nakuta waya wa ethi umebanwa vizuri kwenye swichi, ila terminali ya boksi (mahali pa kubania waya) ni tupu, haijaguswa tangu itoke kiwandani. Niliwahi kuitwa nyumba ambayo swichi ya hita ya maji ilikuwa inapiga shoti ukigusa skrubu zake. Waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ulikuwa umebanwa kati ya swichi na ukingo wa boksi, ngozi yake ikachanika, na boksi zima likawa na umeme. Breka haikuruka, kwa sababu umeme haukuwa na njia ya kurudi.

Ndiyo maana ya ethi hapa: laivu ikigusa boksi, mkondo mkubwa upite kwenye waya na breka ikate papo hapo, mtu asiwe yeye ndiye njia. Bafuni ngozi imelowa na miguu iko peku, hivyo mwili unapitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Kama sheria ya kwenu inataka kazi ya bafuni ifanywe na fundi mwenye leseni, mwite. Unayeruhusiwa kuifanya, fuata hivi.

Hatua ya 1. Zima meni swichi, si swichi ya ukutani peke yake. Jaribu kipimo chako kwenye sehemu unayojua ina umeme, kisha pima kwenye nyaya unazotaka kugusa: laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme), laivu na ethi, nyutro na ethi. Rudi ukijaribu tena pale penye umeme, maana kipimo kilichokufa katikati ya kazi hukuambia kuko salama wakati hakuko. Mahali hapo pa kujaribia pawe pa chanzo kingine ambacho hukukizima.

Hatua ya 2. Fungua swichi ya zamani, piga picha ya nyaya, kisha toa laivu, halafu nyutro, na ethi mwisho kabisa.

Hatua ya 3. Chunguza boksi. Kama ni la plastiki, halihitaji ethi. Waya wa ethi uishie kwenye terminali ya swichi. Kama ni la chuma, tafuta terminali yake ndogo, kwa kawaida ya shaba nyeupe au ya njano, ndani ya boksi. Ikiwa imeota kutu au imezibwa na plasta, isafishe mpaka chuma king'ae.

Wapo wanaosema skrubu za swichi zinatosha kuunganisha boksi. Wakati mwingine ni kweli, pale masikio yote mawili ya boksi, yale yanayopokea skrubu za swichi, yameshikamana nalo kabisa. Lakini sikio linaloteleza juu na chini hugusa kwa kubahatisha, na ukilegeza swichi tu upake rangi, boksi halina ethi tena. Mimi siitegemei.

Hatua ya 4. Kata kipande cha waya wa kijani na njano, sentimita 15 hadi 20, unene sawa na ethi ya sakiti hiyo. Upande mmoja funga kwenye boksi, mwingine kwenye terminali ya ethi ya swichi pamoja na ethi inayotoka ukutani. Ethi iliyo uchi ivalishe mrija wa kijani na njano. Vuta kila waya kwa mkono. Ukitoka, haukuwa umebanwa. Ndipo urudishe nyutro na laivu.

Ukikuta hakuna ethi kabisa, jambo la kawaida kwenye nyaya za taa za zamani, usiunganishe boksi na nyutro wala bomba la maji. Nyutro ikikatika, boksi litapata umeme wote. Tumia boksi la plastiki na kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba (yaani kisichohitaji ethi), au upitishe waya mpya.

Hatua ya 5. Meni ikiwa bado imezimwa, pima ukinzani kati ya boksi na baa ya ethi kwenye ubao wa fyuzi, kwa waya mrefu, ukitoa ukinzani wa waya huo. Shaba ya milimita 1.5 za mraba ina kama omu 0.012 kwa mita, hivyo mita 20 zitakupa takriban 0.24. Ukiona omu kadhaa, kuna muungo mbovu mahali. Utafute kabla ya kuwasha.

Hatua ya 6. Panga nyaya nyuma, mbali na skrubu, funga swichi bila kulazimisha, kisha washa. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kitufe hicho huonyesha tu kwamba RCD inakata. Kinafanya kazi hata nyumba ikiwa haina ethi hata kidogo, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kile kipimo cha hatua ya 5.