Operesheni ya kupunguza uzito na lunch ya familia
Wale mnaojiandaa kwa operesheni ya kupunguza tumbo (ule mfuko wa chakula wa ndani, si kitambi) ndio upunguze uzito, ongeeni na mwenye jiko mapema, si pale mezani sahani ishajazwa pilau na chapati. Pigia shosho ama anti simu siku kadhaa kabla, mwambie daktari amekupa mpango wa kula, mara nyingi ni kama wiki mbili kabla ya operesheni, wanga kidogo na protini zaidi, ndio ini lipungue, juu ini limefunika tumbo na likiwa na mafuta mingi daktari anapata shida kufikia tumbo. Ukimweleza hivyo anaelewa, na yeye ndiye atakutetea wajomba wakianza kuuliza mbona huli. Omba kazi pia, kata nyama, gawa chai, hakuna mtu huangalia sahani ya anayehudumia. Na plizi, hiyo ya "wacha nile mara ya mwisho" usifanye, inaweza kuharibu kazi yote ya hizo wiki. Kama uko na kisukari na unatumia insulini ama tembe, ongea na daktari kabla hujapunguza chakula, sukari inaweza shuka vibaya.