Ijue mishipa ya damu kwa kuupima mkono wako mwenyewe

Kazi yangu ni kuwatoa watu damu ya vipimo, na swali ninaloulizwa karibu kila siku ni hili: mbona unachoma hapo, huchomi pale panapodunda? Ukilielewa jibu lake, umeielewa mishipa ya damu. Kaa kitini, vua saa, kunja mkono wa shati.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. "Mshipa" kwa Kiswahili hubeba mengi. Anayelalamika kwamba mshipa wa shingo umekaza, mara nyingi ni msuli unaomuuma. Hapa nazungumzia mirija inayopitisha damu tu: ateri, kapilari (vijirija vinavyounganisha ateri na vena) na vena (inayorudisha damu moyoni).

Hatua ya 1: Tafuta ateri

Geuza kiganja kitazame juu. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, kisha bonyeza taratibu. Usitumie gumba, lina mapigo yake. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpima mgonjwa kwa gumba, nikaandika 96. Muuguzi aliyenisimamia akahesabu upya, akapata 70. Zile 96 zilikuwa zangu mwenyewe, kwa woga.

Kinachodunda hapo ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Moyo ukikamua, ukuta wa ateri hutanuka; moyo ukilegea, ukuta hujirudi na kuendelea kuisukuma damu mbele. Ndiyo maana presha husomwa kwa namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80: ya juu ni ya moyo ukikamua, ya chini ni ya moyo ukilegea. Kazi hiyo inataka ukuta mnene, wenye misuli na nyuzi zinazovutika. Aota, ateri kubwa kuliko zote, ina upana wa kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima.

Hatua ya 2: Chovya vidole kwenye maji baridi

Nusu dakika inatosha. Vidole vikipauka, umeona kazi ya ateri ndogondogo, ambazo mimi huziita koki za mwili. Misuli ya kuta zake hukaza au kulegea na kuamua kiungo gani kipate damu nyingi. Koki hizi zina nguvu kuliko zinavyoonekana: njia ikipungua upana kwa nusu tu, damu inayopita, kwa msukumo ule ule, hubaki kama sehemu moja ya 16.

Hatua ya 3: Bonyeza ukucha

Pasha vidole joto kwanza. Inua mkono usawa wa moyo, bonyeza ukucha kwa sekunde 5 mpaka pawe peupe, kisha achia. Wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2 hivi, kapilari zimejaa tena. Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu ya damu, yenye upana wa kama milimita 0.008, hulazimika kujikunja ili ipenye. Ukuta wake ni safu moja tu ya seli, na damu humo hutambaa polepole, chini ya milimita 2 kwa sekunde. Upole huo una faida: oksijeni na chakula hupata muda wa kutoka, na taka muda wa kuingia.

Hatua ya 4: Mfumanie mlango wa vena

Hii ndiyo hatua niipendayo. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya mgongo wa kiganja na ya chini ya kiwiko ivimbe. Chagua vena moja iliyonyooka. Ibonyeze kwa kidole kimoja upande wa kiganja na usikiachie. Kwa kidole cha pili, ikamue kuelekea kiwiko kwa sentimita chache, kisha inua hicho cha pili. Ukibahatika kuvuka vali, yaani mlango mdogo wa ndani ya vena unaopitisha damu upande mmoja tu, vena itabaki bapa: damu ya juu haishuki. Sasa inua kidole cha kwanza. Inajaa papo hapo, kutokea upande wa kiganja.

Mwingereza William Harvey alieleza jaribio la namna hii mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka. Hakuwahi kuziona kapilari. Marcello Malpighi ndiye aliyeziona, mwaka 1661, kwa hadubini kwenye mapafu ya chura.

Vali zipo kwa sababu damu ikifika kwenye vena msukumo umekwisha karibu wote. Inapanda kutoka miguuni kwa kukamuliwa na misuli ya mashavu ya miguu, huku vali zikizuia isirudi. Vali zikichoka, damu hutuama na mishipa ya miguu huvimba na kujipinda. Ukuta wa vena ni mwembamba na hutanuka kirahisi, hivyo mtu akiwa ametulia zaidi ya nusu ya damu yake imo humo.

Sasa nalijibu lile swali. Mpira ninaoufunga juu ya kiwiko hubana vena bila kuziba ateri. Damu inaendelea kuingia, haipati pa kutokea, vena inavimba. Nachoma penye ukuta mwembamba, karibu na ngozi, pasipo na msukumo wa kurusha damu.

Hatua ya 5: Sahihisha rangi kichwani

Damu ya vena si ya bluu. Chupa ninazojaza zina damu nyekundu iliyokolea; ubluu ni jinsi ngozi inavyocheza na mwanga. Wala usikariri kwamba ateri lazima ibebe damu yenye oksijeni nyingi. Ile inayokwenda mapafuni hubeba damu iliyoishiwa oksijeni, na vena za mapafu huirudisha ikiwa imejaa. Jina linafuata mwelekeo: inayotoka moyoni ni ateri, inayorudi ni vena.

Hatua ya 6: Soma jeraha

Damu inayovuja kidogo kidogo kwenye mchubuko ni ya kapilari. Inayotiririka mfululizo, nyekundu ya kukolea, ni ya vena. Ikiruka kwa kufuata mapigo, nyekundu ya kung'aa, ateri imekatika: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zote na uitishe msaada. Usikiinue kuchungulia. Kikilowa, weka kingine juu yake na uendelee kukandamiza.