Likizo ya Nyanda za Juu Kusini kwa Mwenye Ugonjwa wa Siliaki

Wengi wetu tuliogunduliwa ugenini kuwa na ugonjwa wa siliaki hudhani kwamba tukirudi Mbeya au Iringa taabu imekwisha, kwa kuwa nyumbani huliwa ugali wa mahindi. Ni kweli kwamba mahindi, ulezi na mchele havina gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano) inayoufanya mwili wa mgonjwa uushambulie utumbo wake wenyewe. Lakini mahindi hupita mashineni kabla ya kufika mezani, na mashine ya kijijini, hasa Makete ambako ngano hulimwa, huenda asubuhi hiyo imesaga ngano ya jirani, ambayo mabaki yake yataingia katika unga wako na hayaharibiwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo mimi hutegemea visivyopita humo: wali wa Kyela, viazi mviringo, ndizi za Tukuyu, maharage na parachichi. Uji wa lishe nauogopa kuliko mkate, maana mkate hujulikana kwa sura, ilhali unga wa lishe huweza kuchanganywa na ngano bila mgeni kuambiwa. Chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya maandazi nazo si salama.

Ukila gluteni kwa bahati mbaya, tumbo kujaa gesi, kuharisha, kutapika, kuumwa kichwa na uchovu huweza kuanza baada ya saa chache na kudumu siku kadhaa. Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha kuliwa. Pumzika, kunywa maji ya ORS kidogo kidogo, kula wali laini au ndizi za kuchemsha, na uache maziwa kwa muda, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa huweza kushindwa kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa.

Ukipata homa, usiisingizie gluteni. Aliyeishi Ulaya miaka mingi kinga yake dhidi ya malaria imepungua, na hata kama kijiji chenu ni cha baridi, huenda ulilala Dar es Salaam au Kyela. Pima malaria siku hiyo hiyo. Damu katika choo, mkojo kuwa mchache au kushindwa kunywa maji ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja kupambazuke. Na ndugu anayejishuku kuwa na ugonjwa huu asiache ngano kabla ya kipimo cha damu, kwani akiiacha mapema kipimo huweza kuonyesha kwamba hana.

Linalobaki ni shangazi, ambaye sahani iliyokataliwa humuumiza. Nilipomwambia kwamba nina mzio, alidhani nimeanza kudeka kizungu. Nilipomweleza kwamba daktari amenikataza ngano maisha yangu yote, kama wanavyokatazwa sukari wagonjwa wa kisukari, alielewa mara moja. Sasa nikifika hununua sufuria na mwiko mpya sokoni, naye huufunga mwiko huo uzi mwekundu ili watoto wasiukorogee uji wa lishe.