Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Miguu ya Upper Mustang, Nepal

Upper Mustang ni eneo la kaskazini mwa Nepal linalopakana na Tibet, nyuma ya milima ya Annapurna na Dhaulagiri, ambayo kila mmoja una urefu unaozidi mita 8,000 na ambayo huyazuia mawingu ya mvua yasivuke kwenda upande wa pili. Ndiyo maana mabonde yake ni jangwa la udongo mwekundu na wa kijivu, lenye vijiji vya kijani pale tu ambapo watu wamechimba mifereji ya kuteremsha maji ya theluji hadi kwenye mashamba yao ya shayiri na nafaka iitwayo buckwheat. Hapo ndipo ulipokuwa ufalme wa Lo, ambao mwasisi wake alikuwa Ame Pal, na ambao mji wake mkuu, Lo Manthang, bado umezungukwa na ukuta wa udongo. Wageni waliruhusiwa kuingia kuanzia mwaka 1992. Anayetaka kwenda huko ili ajifunze maisha ya watu, na si kupiga picha za majabali tu, aanze kwa kuamua atakaa siku ngapi, kwa kuwa nauli, kibali, dawa na hata ukubwa wa begi hutegemea uamuzi huo.

Safari ya kawaida huanzia Jomsom, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,700, ikapita Kagbeni, ambako kuna kituo cha ukaguzi wa vibali, kisha Chele, Samar, Ghiling, Ghami na Tsarang hadi Lo Manthang, iliyo kwenye mita 3,800 hivi. Wengi hupanga siku 10, kwa sababu kwa miaka mingi ada ya kibali ilikuwa dola 500 za Marekani kwa siku 10 za mwanzo na dola 50 kwa kila siku iliyozidi. Matokeo yake ni kwamba mtu hutembea siku tano kwenda na nne kurudi, akabakiwa na siku moja ya kuuona mji alioufuata kutoka mbali. Nashauri kutenga siku 12 hadi 14 kuanzia Kagbeni, na kati ya hizo siku tatu kamili ziwe za Lo Manthang. Ikiwa fedha hazitoshi, ni heri kukusanya kwa mwaka mmoja zaidi kuliko kwenda kwa pupa.

Kuhusu kibali chenyewe, mgeni haombi mwenyewe. Maombi hupitia kwa wakala wa utalii aliyesajiliwa Nepal, na ni lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Kuna kibali cha eneo lenye masharti maalumu, na kingine cha hifadhi ya Annapurna, na vyote viwili hukaguliwa njiani. Viwango vya ada na masharti ya idadi ya watu katika kundi hupangwa na serikali na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwombe wakala akuandikie viwango vya mwaka unaosafiri kabla hujatuma hata shilingi moja. Wasafiri wa Tanzania na Kenya hupata viza ya utalii wanapowasili uwanja wa ndege wa Kathmandu. Hata hivyo, chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Nepal hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na kukikosa kunaweza kukukwamisha hata pale unapobadilisha ndege.

Msimu wa kwenda ni kuanzia Machi hadi Novemba. Kwa kuwa eneo lenyewe hupata mvua kidogo, watu husema kwamba Julai na Agosti ni miezi mizuri, na ni kweli ukishavuka Kagbeni. Lakini barabara ya kutoka mji wa Pokhara, ulio kusini, kwenda Jomsom iko upande wenye mvua, nayo huharibiwa na maporomoko ya udongo katika miezi hiyohiyo. Majira ya baridi ni makali, na wakazi wengi hushukia Pokhara na miji mingine ya kusini, wakaacha nyumba zimefungwa. Aliyekwenda kutafuta watu wakati huo atakuta wachache.

Wanaotaka kuona Tiji, sikukuu ya Kibuddha ya Lo Manthang, wapange kwenda Mei, wakiijua mapema tarehe yenyewe, kwa kuwa hufuata kalenda ya mwezi ya Kitibeti na hubadilika kila mwaka. Kwa siku tatu, watawa wa monasteri ya Chode hucheza ngoma ya vinyago katika uwanja ulio mbele ya kasri, wakisimulia jinsi mungu Dorje Jono alivyopambana na baba yake, pepo aliyeiletea nchi ukame. Kitambaa kikubwa mno chenye picha ya mtakatifu huteremshwa ukutani, na wazee huketi chini yake wakizungusha magurudumu ya sala mikononi. Katika nchi ambayo maji ndiyo uhai wa kila shamba, na ambamo vijiji kama Samdzong na Dhye vimelazimika kuhama baada ya vyanzo vyake kukauka, hadithi hiyo si maigizo ya kuwafurahisha watalii. Vyumba hujaa wakati huo, kwa hiyo wakala aweke nafasi miezi kadhaa kabla.

Afya inahitaji maandalizi ya dhati kuliko yote. Waliopanda Kilimanjaro wakarudi salama wasidhani kwamba wamekwisha kupimwa, kwa kuwa kule mtu hulala Horombo, kwenye mita 3,720, usiku mmoja au miwili, akapanda, kisha akateremka upesi hadi kwenye hewa nzito. Upper Mustang utalala kwenye mwinuko wa namna hiyo kwa zaidi ya wiki nzima. Tena, mgonjwa aliye Lo Manthang hawezi kuteremka moja kwa moja, bali hupanda kwanza mapito yanayokaribia mita 4,000 ndipo aanze kushuka. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini huandikwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze kwanza. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu ni onyo. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hali umeketi ni hatari ya kifo, na dawa yake ya kwanza ni kushushwa, hata kama ni usiku.

Lipo jambo linalotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, ambalo miongozo mingi ya safari za Himalaya haiandiki. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kabisa kwenye mwinuko huo. Lakini hata yule aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haugui wala hajui kuwa anayo, anaweza kupata tatizo la mishipa ya damu ya bandama kuziba akifika juu, na dalili yake ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto. Kipimo chake ni cha damu na hufanywa katika hospitali nyingi. Kifanye miezi miwili kabla, ili majibu yakikutaka ubadili safari uwe bado hujalipa.

Upepo wa bonde la mto Kali Gandaki, ilipo Jomsom, hauna mzaha. Huanza kuvuma katikati ya asubuhi, ukazidi nguvu mchana, ukibeba vumbi na changarawe ndogo, nao ndio sababu ya ndege za Jomsom kuruka asubuhi tu. Kwa hiyo toka alfajiri, na ujitahidi kufika unakolala kabla ya saa saba mchana. Chukua koti la kuzuia upepo, miwani inayofunika macho pembeni, kitambaa cha kuziba pua na mdomo, begi la kulalia linalofaa baridi ya chini ya sifuri, na losheni ya kukinga jua. Ngozi nyeusi nayo huungua kule juu, na midomo hupasuka kabla ya siku ya tatu.

Chakula ni wali na dengu pamoja na mboga, karibu kila mahali na karibu kila mlo. Muislamu asiye na hakika ya machinjo atashiba kwa chakula hicho bila nyama, ila awaeleze wenyeji mapema na kwa upole, kwa kuwa mgeni hukaribishwa kwa pombe ya shayiri, na anayekataa kwa kufunika kikombe kwa mkono huku akishukuru hachukizi mtu. Chai ya siagi na chumvi ijaribu bila kukunja uso. Maji ya mto na ya bomba yasafishe kwa vidonge au kichujio. Fedha taslimu, rupia za noti ndogo, zichukue Pokhara.

Kuhusu adabu, jifunze kabla hujaondoka, kwa kuwa mwongozaji mpole huenda asikuonye. Kuta za mawe yaliyochongwa sala na minara ya ibada hupitwa zikiwa upande wako wa kulia, na ukuta mrefu wa Ghami utakupa nafasi ya kujizoeza. Meko ya ndani ya nyumba huheshimiwa, usitupe takataka humo. Katika mahekalu ya Jampa na Thubchen, yaliyojengwa karne ya 15, vua viatu, usiguse michoro ya ukutani ambayo mafundi wa Lo wenyewe wamefunzwa kuikarabati kwa miaka mingi, na usipige picha pasipo ruhusa. Kuni zilizopangwa ukingoni mwa mapaa ni akiba na heshima ya nyumba, kwa hiyo usiombe moto wa kuota kana kwamba miti ipo. Sheria ya Nepal inakataza kutoa nje vitu vya kale vilivyozidi miaka 100; atakayekunong'oneza bei ya sanamu au ukurasa wa kitabu cha sala, mkatalie.

Mwisho, soma mkataba wa wakala na uulize wapagazi watalipwa kiasi gani, watabeba kilo ngapi, wana bima, viatu na nguo za baridi au hawana. Bima yako wewe nayo itaje wazi uokoaji kwa helikopta na mwinuko unaozidi mita 4,000, kwa kuwa bima nyingi za kawaida za wasafiri hukomea chini ya hapo. Kati ya siku ya kutoka Jomsom na ndege ya kukurudisha nyumbani acha siku mbili tupu, kwa kuwa upepo au mawingu yakifunga uwanja, hakuna anayeweza kukuhakikishia safari ya kesho.