Oktani ya gari iliyotuniwa: ipange injini kwa petroli ya kisiwani

Magari mengi ya tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa ya ziada) na ya spoti yanayozunguka Unguja na Pemba yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na injini zake zilipangwa kwa petroli ya kule. Japani wana petroli za aina mbili. Regula, ambayo kiwango chake cha chini ni RON (kipimo cha oktani) 89, na hai-oku, ambayo kiwango cha chini ni 96, ingawa inayouzwa vituoni huwa karibu na 100. Fungua kifuniko cha nje cha tenki usome kibandiko. レギュラー ni regula. ハイオク au プレミアム ni ile ya juu. Kama gari yako ni IST au Vitz ya kawaida yenye kibandiko cha regula, tia petroli safi na uendelee na safari zako, kwani oktani ya juu haitakupa hata farasi mmoja wa ziada. Altezza RS200, Mark II yenye injini ya tabo ya 1JZ-GTE na Subaru za tabo ni hadithi nyengine: hizo zinataka hai-oku tangu kiwandani, kabla fundi hajazigusa. Altezza ya gia za mkono ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 bila tabo yoyote.

Oktani si nguvu. Ni uwezo wa petroli kustahamili mgandamizo na joto bila ya kujiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Petroli ikishindwa, sehemu iliyobaki pembeni mwa silinda huripuka kwa mkupuo, na pistoni inapigwa nyundo. Mafundi wetu wakisema injini "imenoki", mara nyingi wanazungumzia mwisho wa safari: beringi zimekwisha au pistoni imetoboka. Kugonga kunakoletwa na oktani ndogo huanza mapema zaidi, na pengine usikusikie kabisa.

Kabla hujapakia ramani yoyote (yaani mpangilio wa petroli na moto wa plagi) kwenye kompyuta ya gari, angalia namba ya oktani iliyoandikiwa inatoka nchi gani. Marekani hawatumii RON kwenye pampu. Wanatumia wastani wa vipimo viwili, na namba yao huwa chini kwa 4 hadi 5. Ramani ya Kimarekani iliyoandikwa "91" inataka takriban RON 95 au 96. Iliyoandikwa "93" inataka RON 98. Mtu akiona 93, akatia 95 ya RON akidhani amezidisha, amepunguza. Kosa hili linaweza kuua injini, na linaepukika kwa dakika moja ya kusoma.

Sasa upande wa pampu. Soma namba iliyoandikwa, na kama haikuandikwa, muulize msimamizi wa kituo mzigo uliopo ni RON ngapi. Bei ambayo ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi haikuambii oktani. Kwa gari iliyotuniwa, chukua RON 95 kuwa ndiyo dari, kisha acha nafasi chini yake. Maana yake: itunie gari kwa petroli mbaya kuliko zote utakazolazimika kutia, si kwa ile nzuri uliyoipata siku ya kutunia. Mafuta yakiadimika kisiwani na watu wakaanza kuuziana kwenye madumu na chupa barabarani, wewe nawe utatia cha kwenye dumu, na ramani yako haitajua.

Na hapa kwetu hewa yenyewe haina huruma. Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo silinda inajaa kwa shinikizo zima la kPa 101, yaani kama bar 1. Nairobi, mita zipatazo 1,800 juu, hewa ni kama kPa 82 tu. Gari iliyotuniwa kule ikaletwa Unguja kwa meli inameza hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na bar 0.9 inayosomeka kwenye geji ya tabo kule si sawa na bar 0.9 ya hapa: kule jumla pamoja na hewa ya nje ni kama bar 1.7, hapa ni 1.9. Gari haikubadilishwa hata nati moja, lakini inaanza kugonga. Ipangie ramani upya kabla ya kuipa mguu. Ongeza joto la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, gari ikisimama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe huku intakula (kipoza hewa ya tabo) ikipigwa na joto la rejeta. Hewa inayoingia hufika digrii 60 bila ya taabu. Ramani iliyokaa vizuri Julai wakati wa kusi inaweza kugonga Februari.

Ukiwa na ramani iliyoandikwa kwa RON 98 au 100 na petroli yako ni 95, anza hivi. Rudisha taimingi (wakati wa plagi kurusha moto) nyuma kwa digrii 3 hadi 4 kwenye eneo ambalo injini inavuta sana, ambalo kwa tabo nyingi za lita 2 ni kati ya mizunguko 3,000 na 4,500. Ndipo kugonga kunapoanzia, si kule juu karibu na mstari mwekundu kama wengi wanavyodhani. Punguza shinikizo la tabo kwa bar 0.2. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukikanyaga hadi mwisho uwe baina ya 11.2 na 11.8 za hewa kwa 1 ya petroli kwa injini ya tabo. Kwa isiyo na tabo, 12.5 hadi 12.8. Weka jadweli la joto la hewa: likipita digrii 40, toa digrii 1 ya taimingi kwa kila digrii 10 zinazozidi. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani kutoka NGK namba 6 kwenda 7, au Denso 20 kwenda 22, na uwazi wake uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Utapoteza nguvu kidogo, na injini itakaa.

Kuhakiki, tia lita zisizopungua 20 za petroli utakayoitumia, tenki likiwa limeshuka hadi robo, uende kama kilomita 30 ili kompyuta ijifunze. Kisha unganisha mashine ya kusomea data. Kwenye Subaru angalia marekebisho ya kugonga na kile kizidishio cha taimingi: kwenye kompyuta mpya kinatakiwa kibaki 1, kwenye za zamani 16. Kikishuka na kutopanda, kompyuta imeshaamua kwamba petroli haitoshi. Jaribu kwenye mlima, gia ya pili, kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, asubuhi barabara ikiwa tupu. Watu wa Pemba wana bahati, vilima vya Chake Chake kwenda Wete vinaipa injini mzigo mwendo ukiwa mdogo. Unguja barabara ni tambarare na watoto wa skuli wako pembeni. Pakia watu wanne upate uzito, usitafute mwendo.

Sikio peke yake halitoshi, lakini linaweza kusaidiwa. Chukua bomba la shaba la milimita 8, refu kiasi cha nusu mita. Ponda ncha moja mpaka iwe bapa, itoboe tundu, uifunge kwa boliti kwenye bloku ya injini, karibu na sensa ya kugonga. Ncha ya pili ivishe mpira mrefu unaoingia ndani ya gari hadi kwenye kikinga-masikio cha fundi. Injini nzima utaisikia ikinguruma mbali, na kugonga kutatokea kavu na kwa ghafla, kama changarawe inayodondokea sinia. Dereva awe mwengine, wewe sikiliza tu.

Kuhusu usafi wa petroli: kinachoshusha oktani kuliko chochote ni mafuta ya taa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kivulini. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache na doa halibaki. Yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta linaloteleza kidoleni. Haidromita inasema zaidi: petroli hukaa baina ya 0.72 na 0.775, mafuta ya taa yako juu ya hapo. Usijaze wakati lori linashusha mzigo kituoni, kwa kuwa maji na takataka za chini ya tenki huwa zimevurugwa. Na tafadhali usidanganywe na "mafuta ya ndege". Ndege kubwa zinazotua Kisauni zinatumia Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa; ukiitia kwenye tabo umeivunja kwa pesa zako. Ile ya ndege ndogo za pistoni, 100LL, oktani yake ni ya juu kweli, lakini ina risasi inayoua sensa ya oksijeni na katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi).

Vichupa vya kuongezea oktani vinauzwa kwa maneno makubwa kuliko vilivyomo. "Pointi 3" kwenye kichupa mara nyingi ni sehemu za kumi: kutoka 95 hadi 95.3. Vyenye manganizi huacha rangi ya kutu kwenye kauri ya plagi, na rangi hiyo ikizidi, plagi inaanza kukosa moto. Thina ya dukani ndiyo kabisa usiiguse, hukijui kilichochanganywa humo.

Ukishatia petroli mbaya, usikanyage. Shusha shinikizo la tabo hadi kiwango cha chini cha spring'i ya vali yake, usivuke mizunguko 3,000, na ujaze petroli nzuri tenki likiwa bado nusu ili kuichanganya. Ikiwa ile karatasi ya kupimia imebaki na mafuta, itoe petroli yote. Kisha fungua plagi, uziangalie mwangani kwa kioo cha kukuzia. Madoa meusi madogo kama pilipili manga kwenye kauri ni onyo. Vitone vinavyong'aa kama fedha ni aluminiamu ya pistoni yako; hapo usiiwashe tena, pima mgandamizo wa kila silinda kwanza.