Watoto 18 wa makao, likizo Diani, na warudi wote 18

Hii nawaandikia wenzangu wanaolea vijana kwenye makao ya watoto, manake kila ikikaribia Agosti naulizwa, anti, nyinyi mwavusha vipi watoto 18 feri ya Likoni, Mombasa, kwenda Diani na warudi 18?

Anza na barua. Mtoto aliyeletwa na korti si wako peke yako, afisa wa watoto yuamjua kwa jina, so kama mwalala nje hata usiku mmoja mwandikieni mapema: mwenda wapi, mwalala wapi, nani na nani, gari gani. Jibu lake tembea nalo kwenye begi. Siku polisi akisimamisha gari limejaa watoto na hakuna hata mmoja mwenye jina la ukoo kama lako, hiyo karatasi ndo itaongea.

Halafu kuna swali ambalo haliko kwenye fomu yoyote: huko tuendako, kuna mtu wa huyu mtoto? Mwaka mmoja tulipanga Ukunda, kijana wa miaka 14 akawa tumbo lamuuma kila tripu ikitajwa, na mimi kwa akili zangu nikampa dawa ya minyoo. Kumbe yule mtu aliyefanya akatolewa kwao ana duka hapo hapo Ukunda. Tukabadilisha tukaenda Watamu, na wengine hawakuambiwa sababu. Tangu hapo naongea na kila mmoja peke yake, tukiosha vyombo au tukichambua mchicha, sio kwenye kikao.

Tisheti za makao zenye jina kubwa mgongoni mziache nyumbani. Najua zasaidia kuhesabu, lakini mtoto akishavaa ile basi kila mtu ufuoni ashajua yeye ni wa makao, ataonewa huruma, atapigwa picha, atapewa biskuti na watu hamuwajui. Nunueni kofia za rangi moja pale soko la Kongowea, bei ya chini, na zaonekana kwa mbali. Na sponsa akitaka picha mpigieni migongo yao wakitazama bahari, imetosha.

Feri sasa. Kama mmekodi basi, piteni barabara ya Dongo Kundu, haipiti kwenye feri, muepuke presha. Kama ni kwa miguu, msivuke asubuhi watu wakienda kazini wala jioni wakirudi. Kila mtoto ana mwenzake, na kazi yake ni moja: ukimkosa mwenzako piga kelele, usingoje anti ahesabu. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma kabisa, na yule wa nyuma asiwe ndo yuabeba sufuria. Hesabuni kabla ya kupanda, hesabuni ndani, hesabuni mkishuka.

Bahari ndo yanitia hofu kuliko yote. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, mawimbi yana nguvu, na vijana wengi wa bara watakwambia najua kuogelea, kumbe walijifunza kwenye mto wa magotini. Mpime kwanza kwenye maji ya kiuno. Angalieni mwezi pia. Ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na hupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, watoto watembee mpaka kwenye mwamba wakiokota makome, halafu maji yakianza kujaa hayaji mbele yao uyaone, yazunguka nyuma kupitia vile vijito vya mchanga na ufuo ushakuwa mbali. Maji yaliyokupwa saa nne yatakuwa yamejaa saa kumi, na kati ya hapo yamepanda zaidi ya mita 3. So maji yakigeuka tu, wote juu, hakuna "anti dakika tano". Mtu mzima mmoja asimame ndani ya maji, mgongo kwa bahari, uso kwa watoto, simu iko kwa begi. Wale wa kuwaita wasichana waje wapandishwe ngamia bure, jibu ni asante, tumeshapanda.

Usiku: watu wazima wawili macho kwa zamu, hakuna mtu mzima kulala chumba cha watoto peke yake. Bebeni shuka za ziada na mpira wa kitanda, manake hata wa miaka 15 hukojoa akilala mahali pageni, zibadilisheni alfajiri kimya kimya. Dawa za kila siku mtoto azipate faraghani, mwite aje akusaidie kubeba kitu. Na ukikuta mkate chini ya mto usiulize, ongeza mahamri asubuhi. Kila mmoja pia ajue 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, hata kama anayemlalamikia ni wewe.

Mkirudi kesho yake msipange chochote. Watapigana kwa ajili ya kome moja, wengine watanuna siku mbili, na kuna mmoja atakuuliza kama mama yake ashawahi kuona bahari. Pikeni mbaazi, kaeni naye.