Namna ya kukumbushana Ze Comedy mkakaa mpaka jioni

Kukumbushana Ze Comedy, kile kipindi cha vichekesho cha kwenye TV, kuna taratibu zake. Kwanza msiwe wengi. Wanne, wakizidi sana watano. Mkifika saba panageuka kikao cha kikoba, kila mtu anasubiri zamu yake ya kusema, na anayesubiri zamu hacheki. Sisi tuko wanne, tumekulia Keko Machungwa kwenye vyumba vya kupanga vinavyotazamana milango. Sasa mmoja yuko Kivule, mmoja Chanika, mmoja kaolewa Mbezi, mimi nimebaki Temeke na cherehani yangu. Kwa hiyo wanakuja kwangu.

Halafu tafuta kazi ya mikono. Msikae tu mkitazamana kama mmekuja kuposa. Mimi nanunua dagaa wa Mwanza kilo mbili, namwaga kwenye sinia, tunakaa mkekani tunatoa vichwa. Mkono unaonuka dagaa haushiki simu, na mtu akicheka mpaka kichwa cha dagaa kikaangukia upande wa dagaa wasafi, anaokota mwenyewe. Hiyo ndiyo faini yetu.

Usifungue mazungumzo kwa “mnakumbuka ile ya Joti?” Ya Joti ipi? Joti kacheza babu, kacheza mtoto, kavaa gauni kawa mwanamke, mtazunguka hapo nusu saa kila mtu na Joti wake. Uliza hivi: “Wewe ulikuwa unaangalia kwa nani?” Hapo utaona mtu anaacha dagaa mkononi.

Wa Kivule kwao ndiko kulikokuwa na TV, ile ya chogo, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Watoto tulikaa chini, kandambili zinabaki mlangoni, na ukichelewa kutoka unakuta umeachiwa za mguu mmoja. Wa Chanika hakuwahi kuingia ndani, maana mama yake na wenye TV walikuwa hawasemezani. Aliangalia kutokea dirishani, na pazia lilikuwa limekula nusu ya kioo, ile ya kulia. Mpaka leo akisimulia anakwambia Masanja alisimama huku, anaongea na mtu. Mtu gani? Hajui, alikuwa nyuma ya pazia. Tukamwambia huyo labda ni Mpoki. Akasema, “Aa, kumbe!” Miaka yote hiyo!

Ubishi wa stesheni hautakosekana, umalizeni haraka. Kundi lilianza EATV kwa jina la Ze Comedy, baadaye likahamia TBC1 likaitwa Orijino Komedi: Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Vengu, Mac Regan. Aliyesema EATV na aliyesema TBC1 wote wamepatia, turudi kwenye dagaa. Atakayemtaja Mkwere mwambieni taratibu kwamba hiyo ni Mizengwe ya ITV. Futuhi nayo ilikuwa Star TV. Akimleta King Majuto, ambaye hakuwa kwenye kundi hilo, mwacheni amalize, maana tangu mzee afariki Agosti 2018 sijaona mtu akikatishwa akimsimulia. Na mama yangu akisikia kelele anatoka chumbani kutuambia kwamba sisi hatujacheka bado, wao walicheka kwa redio tupu, Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mpisheni akae. Ila msimpe dagaa, anatupa nusu ya nyama.

Sasa kusimulia kwenyewe. Hapa wengi wanaharibu. Wa Mbezi anasimulia kama anatoa maelezo polisi: “Kwanza akaingia, halafu yule akamwambia, halafu akajibu.” Mwishoni anaongeza, “Yaani ilichekesha jamani,” na sisi tunamwangalia. Mtu wa kuigiza haelezwi, anaigizwa. Simama. Funga kanga kiunoni, anza na mwendo kabla hujasema neno lolote, halafu sauti, maneno yaje mwisho, na ukiyasahau tunga. Wa Chanika, pamoja na pazia lake, anakupigia taarifa ya habari yao yote huku kakunja uso kama mtangazaji wa kweli, anapanga makaratasi ambayo hayapo, anakohoa, anaangalia kamera. Hajasema habari hata moja na sisi tuko chini.

Akiwepo ambaye hakuiona, labda alikuwa kijijini au ni mdogo, msimwambie “wewe huwezi kuelewa.” Mpeni kucheza. Mwelekezeni tu, “wewe ni babu, unadai nauli yako.” Mara nyingi anatushinda sisi tunaojidai tulikuwepo.

Simu iwe mwisho kabisa. Safari moja tulianza na YouTube. Picha ina ukungu, sauti kama ya kwenye debe, tukatazama kimya dakika nne, bando likakata, hakuna aliyetaka kuongeza. Ile tuliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ndefu zaidi na kali zaidi. Siku hiyo dagaa waliisha mapema kuliko siku zote.

Yangu mimi huwa naiweka akiba. Mimi nilikuwa mshika antena. Nje, ukutani, nimekumbatia bomba, ndani wanapiga kelele, “Geuza! Rudisha kidogo! Hapohapo, usiachie!” Ze Comedy nyingi nimeisikia tu, nikijua Joti katoka kwa jinsi chumba kilivyolipuka. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, watu wakahangaikia ving'amuzi, bomba langu likabaki la kufungia kamba ya nguo. Nilikuwa nikiisimulia hii kwa fahari kidogo, nisidanganye.

Mwezi uliopita nikaisimulia tena. Wa Kivule akainamia sinia, mabega yanamtetemeka. Nikamuuliza kuna nini.

“Shosti, picha ilikuwa safi. Mkeka ulikuwa hautoshi.”

Dagaa walikuwa wamebaki nusu sinia. Nikanawa mikono, nikamwachia amalizie peke yake.